Mtoto Aliyekosekana Njiani



Katika Rozari Takatifu mmekwisha kujifunza mafumbo ya furaha, na la tano ni hili: Maria na Yosefu wanamwona Yesu hekaluni. Mara nyingi twalitaja kwa haraka, kisha twaanza Salamu Maria kumi, tukijua kwamba mwisho umekaribia. Leo nawaomba tukae kidogo katika njia ile ya Yeruzalemu. Habari yake inawahusu watoto wetu wote: wale wanaosoma, na wale walioacha masomo, na wale walio bado mgongoni mwa mama zao.

Mtakatifu Luka ameiandika katika sura ya pili ya Evanjili yake. Kila mwaka wazazi wa Yesu walipanda kwenda Yeruzalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Toka Nazareti ilikuwa safari ya siku kadhaa kwa miguu, na watu hawakupenda kusafiri peke yao kwa kuogopa wanyang'anyi. Walikwenda kwa kundi kubwa, jamaa pamoja na jamaa, kama vile sisi tunavyokwenda misioni kwa sikukuu ya Noeli, wengine wamebeba vyungu na wengine mikeka. Mwaka ule Yesu alikuwa na miaka 12. Sikukuu ilipokwisha, kundi likashika njia ya kurudi, likatembea siku nzima. Kisha Maria na Yosefu wakamtafuta kati ya ndugu na marafiki, wakaona kwamba mtoto hayuko.

Labda mmoja wenu anajiuliza moyoni: Bikira Maria asiye na dhambi hata kidogo, na Yosefu mtu mwenye haki, waliwezaje kutembea siku nzima pasipo kujua mtoto wao yuko wapi? Mtakatifu Beda, mwalimu wa Eklezia aliyekufa mwaka 735, alieleza kwamba katika safari zile wanaume walitembea kundi lao na wanawake kundi lao, nao watoto waliweza kwenda na baba au na mama. Basi tazameni. Mtoto wa miaka 12 si mdogo tena wa kushika nguo ya mama yake. Wala hajawa mtu mzima wa kuketi na wanaume. Yosefu aliweza kufikiri: yuko na mama yake. Maria naye aliweza kufikiri: leo ametembea na baba yake. Kila mmoja alimtegemea mwenziwe kwa upendo na kwa haki, na hapakuwa na uzembe wala ugomvi. Lakini kati ya makundi yale mawili mtoto hakuwamo.

Hilo ndilo neno ninalotaka kuwafundisha leo, nanyi mlishike. Watoto wetu wanaoharibikiwa na masomo, na baadaye wanakosa kazi ya kuwalisha, wengi wao hawapotei nyumbani wala darasani. Wanapotea kati ya mahali na mahali, pale mkono mmoja unapomwachilia mtoto, na mkono mwingine haujamshika bado.

Tuanze na utoto. Mwenyezi Mungu alipotaka kumleta Mwanawe duniani hakumweka kwanza mbele ya walimu wa hekalu. Alimweka katika nyumba ya watu maskini. Twajua walikuwa maskini kwa sababu siku ya kumtolea hekaluni walileta sadaka ya maskini, ndege wawili, wasiweze kuleta mwana-kondoo. Huko Nazareti alijifunza kusema, kusali, kutaja majina ya vitu. Baba wa Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lao juu ya malezi la mwaka 1965, walifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Wengine husikia neno hili wakadhani lasema juu ya sala peke yake. Sivyo. Mama anayesema na mtoto wake wakati wa kumenya mihogo, anayemhesabisha punje za mahindi, anayemsimulia hadithi jioni na kumwuliza, "Kisha sungura akafanya nini?", huyo amekwisha kuanza shule. Mimi mwalimu wa darasa naweza kumtambua mtoto wa mama wa namna hiyo katika juma la kwanza. Anauliza maswali. Yule aliyezoea kuambiwa "nyamaza" tu, hunyamaza hata mbele yangu, nami nahitaji miezi kumfungua kinywa.

Mjini zipo shule za watoto wadogo, zenye kuwapokea tangu miaka 3. Vijijini kwetu ni chache mno, na mahali pengi hakuna. Kwa hiyo nyumba zenu ndizo shule hizo. Jambo la pili la umri huo ni karatasi. Mtoto akizaliwa, sheria ya nchi yetu inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha bure katika ofisi ya Serikali inayoandika vizazi. Siku hizo zikipita, mambo yanakuwa marefu, na huenda mpaka kwa hakimu. Najua, ofisi iko mbali na msimu wa kulima haungoji. Lakini mtoto asiye na karatasi ya kuzaliwa ataulizwa karatasi hiyo siku ya mtihani, na siku ya kuomba kazi, na siku ya kuthibitisha kwamba hajatimiza miaka ya kuolewa. Yosefu mwenyewe alisafiri na mke mwenye mimba mpaka Betlehemu ili waandikwe katika hesabu ya Kaisari.

Sasa kivuko cha kwanza: kutoka nyumbani kwenda darasa la kwanza. Umri wake ni miaka 6. Tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019, Serikali ilianza kutimiza lile ambalo Katiba ya mwaka 2006 iliagiza katika kifungu chake cha 43, kwamba shule ya msingi katika shule za Serikali iwe ya lazima na ya bure. Shule za misioni zilizo katika mapatano na Serikali, mapatano yale ya mwaka 1977, nazo zimo katika agizo hilo. Siku zile watoto walitujia kwa wingi mpaka benchi la watatu likaketiwa na watano. Ni neema, tena ni mzigo, nasi walimu twaujua mzigo huo, kwani mshahara wetu haukuongezeka kwa kipimo cha watoto. Mwezi wa Septemba 2024 walimu wengi wa Kongo waligoma kwa sababu hiyo. Siwalaumu. Mwalimu naye ana watoto.

Lakini hata mlango ukiwa wazi, wengine wanachelewa kuingia. Baba asema: "Njia ni ndefu, na akue kwanza." Mama asema: "Binti huyu anilelee mdogo wake mwaka huu." Mtoto anaingia akiwa na miaka 9. Fanyeni hesabu wenyewe: akitimiza miaka 12 atakuwa katika darasa la tatu, kati ya watoto wadogo wanaomfika kifuani, na aibu itamtoa kabla ya mwalimu kumtoa. Tena katika madarasa ya kwanza twafundisha kwa Kiswahili, lugha anayoijua mtoto. Kisha Kifaransa huingia kidogo kidogo, mpaka kikashika mafundisho yote. Hapo napo wengi hunyamaza. Mzazi asiyejua Kifaransa husema: "Sina la kumsaidia." Analo. Amwambie mtoto ampe habari ya somo kwa Kiswahili. Mtoto anayeweza kueleza somo kwa lugha ya mama yake amelielewa, na maneno ya Kifaransa atayapata. Asiyeweza kulieleza kwa lugha yoyote, huyo amekariri tu kama kasuku.

Kivuko cha pili ndicho kinachonihuzunisha zaidi, na hapo nitakaa. Mtoto aliyeanza na miaka 6, akasoma miaka 6 bila kurudia darasa, humaliza shule ya msingi akiwa na miaka mingapi? Kumi na miwili. Ni umri ule ule wa Yesu katika njia ya Yeruzalemu.

Tazameni yanayotokea. Mwezi wa Julai mwalimu wa darasa la sita anafunga kitabu chake cha majina. Mtoto ameandika mtihani wa taifa, ameshinda, watu wamempigia makofi, pengine kuku amechinjwa. Mwalimu husema: "Kazi yangu imekwisha, sasa yuko mikononi mwa wazazi." Wazazi husema: "Anajua kusoma na kuandika, ameshinda mtihani, walimu wataona la kufanya." Na mwalimu wa darasa la saba, huko kwenye shule kubwa yenye umbali wa saa tatu kwa miguu, hamjui hata kwa jina. Makundi yamekuwa matatu, na kila kundi ladhani mtoto yuko na jingine. Ndipo Septemba inafika. Kwanza mtoto hutumwa shamba kwa juma moja. Halafu kwa mwezi mmoja. Mnamo Noeli hakuna tena anayeuliza. Hakufukuzwa na mtu, wala hakusema siku hata moja, "Naacha masomo." Kundi limetembea siku nzima bila yeye.

Tusijidanganye, sababu kubwa ni fedha. Shule ya msingi ni ya bure, lakini tangu darasa la saba mzazi hudaiwa fedha za shule, zile tunazoziita minervali, tena sare, tena daftari, tena mahali pa kulala ikiwa shule ni mbali. Lakini nawauliza: je, darasa la saba hutujia usiku kama mwizi? Hapana. Tangu siku ile mtoto alipoingia darasa la kwanza, tulijua kwamba litafika baada ya miaka 6. Bwana wetu alisimulia juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kuchekwa na wapita njia. Basi katika vijiji kadhaa vya misioni yetu wazazi wameanza desturi ninayoipenda. Mtoto akifika darasa la tatu, jamaa yake hutenga mbuzi jike mmoja na kumpa jina: mbuzi wa darasa la saba. Haliwi katika msiba, halipi deni la mjomba, haongezwi katika mahari ya kaka mkubwa. Watoto wa mbuzi huyo nao ni wa darasa la saba. Mbuzi hubeba mimba miezi 5. Hesabuni ninyi wenyewe kundi la miaka mitatu, mkitoa wale watakaokufa na yule atakayeibwa. Wanawake wengine hufanya hivyo kwa likelemba, wakipanga kwamba zamu ya mama mwenye mtoto wa darasa la sita iangukie mwezi wa Septemba. Mjomba mmoja aliniambia kwamba tumewafanya mbuzi kuwa Wakristu kabla ya wenyewe. Tulicheka sana, lakini mbuzi hawakuchinjwa.

Na kwa mabinti hatari ni mara mbili. Mvulana anayekosa darasa la saba hupotea polepole. Binti huweza kupotea kwa siku moja, siku wageni wanapokuja na vitenge na sukari. Sheria za Serikali yetu hukataza kumwoza mtoto asiyetimiza miaka 18, na Eklezia nayo haioni ndoa pasipo ridhaa huru ya wote wawili. Baba, usiniambie kwamba binti wa miaka 14 ameridhika. Ameridhika na kitenge.

Napenda mjue pia kwamba kivuko hicho hakikuharibika jana. Wakati wa utawala wa Ubelgiji, misioni ndizo zilizoshika karibu shule zote za nchi. Zilifundisha maelfu na maelfu kusoma, kuhesabu na kusali, nasi twazishukuru kwa haki. Lakini juu ya darasa la chini njia ilikuwa nyembamba mno. Ilionekana kwamba Mkongo akipata kusoma kidogo na kujua kazi ya mikono, yatosha. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipopata uhuru, shule za msingi zilijaa watoto, na Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu walihesabika upesi. Njia pana chini, mlango mwembamba juu: taifa zima lilikosekana katikati. Taabu nyingi zilizofuata zina mzizi wake hapo.

Hata hivyo, hapa kando ya Ziwa Tanganyika twamkumbuka mmoja aliyevuka. Stefano Kaoze, mwana wa Watabwa, alisoma katika seminari ya Mpala, akaendelea mpaka Baudouinville, mahali panapoitwa leo Kirungu, na huko akapewa upadri mwaka 1917. Ndiye padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu. Watu hupenda kusifu akili yake, na kweli alikuwa nayo, maana aliandika juu ya mawazo ya Wabantu kabla hajawa padri. Mimi hutazama jambo jingine. Toka kijijini mpaka altareni masomo yake yalichukua miaka mingi, na katika miaka hiyo yote, kila alipomaliza hatua moja, alikuwako mtu wa kumpokea katika hatua iliyofuata. Watoto wangapi wenye akili kama yake walikuwako katika milima ile ile, nao hawakupata wa kuwapokea? Mungu anajua majina yao.

Tuje kwenye kivuko cha tatu, toka masomo mpaka kazi. Baada ya darasa la saba na la nane iko miaka 4 ya sekondari ya juu, yenye njia mbalimbali: ya ualimu, ya kilimo, ya biashara, ya ujenzi, ya umeme na nyinginezo, na mwisho wake ni Mtihani wa Serikali. Iko pia njia ya ufundi kwa wale wasiofuata miaka hiyo yote. Tangu mwaka 1964 Serikali ina taasisi ya kuandaa wafanyakazi, INPP, yenye vituo Kinshasa na katika miji ya mikoa, mahali kijana anapoweza kujifunza kuunga vyuma, kutengeneza mitambo, umeme, ushonaji. Mzazi asidharau njia hizo. Kuna baba anayeona fahari kijana wake akivaa tai huku hana kazi, na aibu akishika randa huku anakula. Mwana wa Mungu mwenyewe alijulikana katika mji wake kuwa seremala. Baada ya kuonekana hekaluni, kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza maswali, alirudi Nazareti akawatii wazazi wake. Naye alipoanza kuhubiri alikuwa na miaka kama 30. Miaka kama 18 basi, na Evanjili haisemi karibu neno juu yake. Ni miaka ya karakana.

Lakini kuna karakana na karakana. Yosefu alimfundisha kazi. Wako mafundi wanaompokea kijana ili abebe mbao na kuteka maji miaka mitatu, na siku anapouliza juu ya vipimo wanamfukuza. Kabla ya kumwachia mtoto wako, ee baba, nenda mwenyewe ukae na fundi. Mwulize: Atajifunza nini mwaka wa kwanza? Nini mwaka wa pili? Lini ataanza kupata chochote? Mpatane mbele ya mashahidi wawili, tena iandikwe. Wewe uliyeuliza maneno mengi juu ya mahari, usione haya kuuliza juu ya hayo.

Na mashimo, je? Siwezi kuyapita. Wengi wa vijana wetu hawangojei fundi wala diploma. Wanakwenda Manono kuchimba bati, au mbali zaidi, Kolwezi, kuchimba kobalti, madini yanayotiwa katika betri za simu na za magari ya umeme. Sehemu kubwa ya kobalti yote ya dunia, zaidi ya nusu, hutoka katika ardhi ya Kongo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 hukataza kumtia mtoto katika kazi za namna hiyo, na bado watoto wako huko, wakibeba magunia na kuosha mawe. Siwaiti vijana hao wajinga. Mtoto anayeleta nyumbani chumvi na sabuni jioni ile ile, nani atamwambia angoje miaka 6 zaidi? Njaa haijui kalenda. Lakini mwambieni pia hili, maana ni kweli: shimo halimpi mtu daraja la pili. Anayechimba akiwa na miaka 13 atachimba vile vile akiwa na miaka 30, ila mgongo hautakuwa ule ule, na mvua zikija udongo huporomoka pasipo kuuliza umri.

Hapa inafaa mjue Eklezia hufundisha nini juu ya mshahara, kwani wakatekumeni wengine hudhani dini haina neno juu ya fedha isipokuwa siku ya sadaka. Mwaka 1891 Papa Leo XIII aliandika barua yake juu ya hali ya wafanyakazi. Alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara kuwa wa haki: lazima uweze kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi na mwadilifu. Mwaka 1931 Papa Pio XI akaongeza kwa wazi kwamba lazima utoshe pamoja na jamaa yake. Baba Mtakatifu aliyechaguliwa mwezi wa Mei 2025 alijiita Leo XIV, akieleza kwamba alimkumbuka Leo yule wa barua ile. Na nchini mwetu iko amri ya ujira wa chini: mwaka 2018 uliwekwa franka 7 075 kwa siku, na mwaka 2025 Serikali ikaupandisha. Mwenye kumwajiri mtu na kumpa chini ya kile kilichoamriwa, hata kama anaketi benchi la kwanza siku ya Jumapili, anaiba. Kumbukeni bwana wa shamba la mizabibu katika Evanjili ya Mateo. Wale walioajiriwa saa ya kumi na moja aliwapa dinari nzima. Dinari ilikuwa nini? Ujira wa siku moja. Wale waliosimama sokoni tangu asubuhi pasipo mtu wa kuwaajiri walikuwa nao na watoto wa kulisha jioni ile.

Nitawataja mtu mmoja tena, wa siku zetu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma, akamaliza masomo ya sheria, akapata kazi katika ofisi ya Serikali inayopima ubora wa bidhaa mpakani. Ndiyo kazi ambayo kila mzazi huiombea mtoto wake. Mwaka 2007 watu walimletea fedha ili apitishe chakula kilichoharibika. Alikataa, kwa sababu watu wangekila na kuumwa. Wakamkamata, wakamtesa, wakamwua, hajafika miaka 27. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Eklezia ilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Twamsifu kwa kukataa rushwa, na ni haki. Lakini wachache husimulia alichofanya jioni baada ya kazi. Pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio aliwaendea watoto wa njiani katika mji wa Goma, wale wasiokuwa katika kundi la mtu yeyote, akala nao, akawasaidia warudi shuleni. Kijana aliyevuka vivuko vyote alirudi nyuma kuwatafuta walioachwa.

Vivyo hivyo Maria na Yosefu. Walipoona mtoto hayuko hawakukaa wakibishana nani alikosa, wala hawakungoja afike mwenyewe. Walirudi njia ile ile waliyotoka, hali wamekwisha kuchoka, wakamwona baada ya siku tatu. Basi mkitambua mwezi wa Novemba kwamba mtoto wa jirani hajaonekana shuleni tangu Oktoba, njia ya kurudi ingali fupi. Baada ya miaka mitatu ni ndefu, ingawa haijafungwa: kwa waliopitwa na umri yako mahali pengine madarasa ya kufidia, ambamo miaka 6 ya msingi husomwa kwa miaka 3. Ulizeni kwa mwalimu mkuu ni wapi yalipo karibu nanyi.

Kwa mkutano wenu wa juma hili, wakatekumeni, msije na mikono mitupu. Kila jamaa ilete majina ya watoto wake wote tangu waliozaliwa mwaka huu mpaka wenye miaka 18, pamoja na watoto wa marehemu wanaolala nyumbani mwenu, kwani hao ndio wa kwanza kusahauliwa. Mwandishi wa jumuiya aandike mbele ya kila jina: karatasi ya kuzaliwa iko au haiko, yuko darasa la ngapi, na ikiwa hayuko shuleni, yuko kwa fundi gani au shamba gani. Kisha mjibu maswali haya pamoja. Ni nani kati ya watoto hawa atakayemaliza darasa la sita mwezi wa Julai? Ni mtu gani mzima, kwa jina lake, atakayemsindikiza Septemba mpaka mlango wa darasa la saba na kumtaja kwa mwalimu wa huko? Mbuzi wake yuko wapi? Na kama jina lipo ambalo hakuna anayejua mwenyewe yuko wapi leo, ni nani atakayekwenda kumtafuta kesho asubuhi?